Nyumba tulivu Kolwezi: uliza kwanza chini kuna nini

*Familia za Dilala zinazochoshwa na vumbi na malori zinasaka kiwanja kikubwa nje ya mji, si mbali na kazi. Huko nje zinakutana na ramani ambayo muuza kiwanja hana haja ya kuionyesha.*

Kabla jua halijachomoza, barabara kuu ya Dilala, komini ya Kolwezi kusini mwa Kongo, imekwisha kuamka. Mabasi ya makampuni ya madini yanaokota watu wa zamu ya asubuhi: vijana wenye viatu vya ncha ya chuma na makoti yenye mistari inayong'aa, chakula cha mchana kwenye mfuko wa plastiki. Nyuma ya mabasi yanafuata malori ya shaba na ya tindikali, breki zikilia.

Wakati wa kiangazi vumbi halitui. Linaloinuliwa na lori la kwanza, lori la pili linalikuta bado liko hewani. Mama aliyefagia ua saa kumi na mbili atafagia tena saa nne, na nguo alizoanika atazikung'uta kabla ya kuzikunja.

Tuseme baba wa nyumba ni fundi umeme mgodini, mama anauza vitenge sokoni, watoto ni wanne, na bibi yao amekuja kutoka kijijini kwa matibabu akabaki. Wanakaa vyumba viwili. Hawatafuti anasa. Wanataka parseli ya kutosha kupanda lengalenga na matembele, kufuga kuku, kuchimba kisima, na kulala usiku bila lori kutikisa kikombe mezani. Wanataka pia baba asiamke saa tisa za usiku ili awahi basi.

Ni ombi la watu wa miji mingi. Wa Dar es Salaam wamekimbilia Kibaha na Kigamboni, wa Nairobi wamejaa Kitengela na Juja. Huko mhamaji anagombana na umbali, foleni na bei ya saruji. Kolwezi anagombana na hayo yote, halafu anagombana na mwamba ulio chini ya miguu yake. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti na umezungukwa na shaba na kobalti. Anayekwenda nje kutafuta kimya anakwenda upande uleule ambao migodi nayo inakwenda.

Nafasi ilikuwa sehemu ya mshahara

Kolwezi haikukua kutoka kijiji hadi soko, na kutoka soko hadi mji. Ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni, Union Minière du Haut-Katanga, iliyotaka makao ya migodi yake ya magharibi. Reli ya kwenda Dilolo na Angola ilikuwa imekwisha kufika mwaka 1931. Kampuni ilichora mji wa Wazungu wenye barabara pana na bustani. Kadiri mashimo na viwanda vilivyoongezeka, ikajenga kandokando yake makazi ya wafanyakazi Waafrika: Musonoi, Luilu, Kapata.

Hesabu yake ilikuwa wazi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imegundua kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto karibu yake hatoroki kazi. Ikampa nyumba, posho ya unga, zahanati na shule. Serikali ya Mobutu ilipoitaifisha kampuni mwanzoni mwa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi hiyo haikuvunjwa. Aliyepanda cheo alipanda na vyumba. Maji, umeme, miti ya kivuli barabarani, vyote vilitoka mkono mmoja.

Ndiyo maana wazo la kukaa mbali na kazi ni geni hapa kuliko katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki. Mtu wa Luilu alikaa Luilu kwa sababu kiwanda kilikuwa Luilu. King'ora kilimwamsha, naye akaenda kwa miguu.

> Aliyepanda cheo alipanda na vyumba. Maji, umeme na miti ya kivuli vilitoka mkono mmoja.

Kisha mkono huo ukakauka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Katikati ya msiba huo, mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu walilala stesheni wakisubiri treni, nyuma yao wakiacha nyumba walizokaa kwa vizazi. Kumbukumbu hiyo bado imo ndani ya baadhi ya kuta za mji, ingawa anayeuza nyumba haitaji. Mwaka 2003 na 2004, chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa hiari.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa na Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Wakaja mafundi, madereva, maofisa wa serikali, wachimbaji wadogo, wafanyabiashara kutoka Lubumbashi na Kasai, Walebanoni, Wachina, Wahindi. Mji wenye komini mbili tu, Dilala na Manika, haukuwa umejengewa watu hao.

Mtaa wenye miti, na shimo mlangoni

Zamani ungemwuliza mtu wa Kolwezi wapi kuna nyumba yenye nafasi karibu na kazi, angekujibu bila kufikiri: Cité Gécamines. Viwanja ni vikubwa, miti imekua, maji yanafika bombani, umeme upo. Ni karibu na katikati ya mji. Ni hasa kile ambacho familia yetu ya vyumba viwili inakiota.

Tatizo ni kwamba mtaa huo umepakana na mgodi wa COMMUS, ambao kampuni ya China ya Zijin inamiliki asilimia 72 na Gécamines asilimia 28. Mgodi ulipofunguliwa upya mwaka 2015, shimo lilianza kusogea kuelekea nyumba. Mwezi Septemba 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la Kolwezi la IBGDH, walitoa ripoti iliyoeleza jinsi mtaa wa watu wapatao 39,000, wenye shule na hospitali ndani yake, unavyobomolewa kipande kwa kipande. Baruti zilipasua kuta za waliobaki. Waliolipwa walisema fedha hazikutosha kununua nyumba ya namna ileile. Wengi walijikuta pembezoni mwa mji, katika nyumba zisizo na maji ya bomba wala umeme wa kutegemea. Zaidi ya wakazi 200 walioathirika waliungana katika kamati kudai fidia bora.

Soma tena orodha ya waliyopoteza: uwanja mkubwa, miti, maji, umeme, umbali mfupi. Kisha tazama walikopelekwa: pembezoni. Kwa hiyo pembezoni mwa Kolwezi leo wanakutana watu wawili wasiofanana. Mmoja amekwenda mwenyewe kwa kutafuta hewa. Mwingine amesukumwa, na anachotafuta ni nyumba aliyokuwa nayo. Wote wawili wanashindania viwanja vilevile, na bei haiulizi nani amekuja kwa hiari.

Sheria haikunyamaza. Kanuni za madini za mwaka 2018, katika kiambatisho chake cha 18, zinataka anayehamishwa awe na maisha bora kuliko ya awali, au angalau yaliyo sawa nayo. Kwa nini basi haifuatwi ilivyoandikwa? Jibu langu ni kwamba mazungumzo hufanywa na familia moja moja. Familia moja mbele ya meza ya kampuni, na maofisa wa serikali wamekaa upande wa pili, haina nguvu ya kukataa. Inahesabu noti na kwenda kutafuta mifuko ya saruji.

Mji wa Kiruna, kaskazini mwa Sweden, nao unahamishwa kwa sababu ya mgodi wa chuma wa kampuni ya serikali ya LKAB. Tangazo lilitoka mwaka 2004. Kitovu kipya cha mji kikajengwa kilomita chache mashariki, na Agosti 2025 hata kanisa la zamani la mbao lilibebwa zima, juu ya magurudumu, hadi mahali pake papya. Kiruna pia watu wamelalamika, hasa juu ya kodi mpya za nyumba. Lakini pa kwenda palichorwa kabla mtu hajaambiwa aondoke. Cité Gécamines kila mmoja alipewa fedha akaambiwa atafute pake.

Kisima cha Kasulo

Kuna somo la pili ambalo kila anayenunua kiwanja Kolwezi analijua, hata kama halitamki. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja aliyekuwa akichimba uani kwake alikuta madini ya kobalti. Habari ilienea haraka. Ndani ya miezi, mtaa wa makazi ukawa mgodi: mashimo uani, mashimo vyumbani, mifuko ya mawe mlangoni, mahema ya plastiki ya rangi ya chungwa juu ya kila tundu.

Mwaka 2017 kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China, ilipewa haki ya kununua madini ya sehemu ya Kasulo. Eneo likazungushiwa ukuta, na mamia ya familia zikahamishwa.

Kwa anayetafuta utulivu, jambo la kuogofya zaidi si mashimo yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability matokeo ya vipimo walivyofanya Kasulo. Walikuta kobalti katika mkojo na damu ya wakazi kwa viwango vya juu kuliko vya mtaa wa jirani usio na uchimbaji, na kiwango kikubwa zaidi kilikuwa cha watoto. Katika watoto hao waliona pia dalili za madhara kwenye chembe za urithi. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa sehemu ya hadithi. Mtoto anatambaa sakafuni, anaweka mkono mdomoni.

> Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa sehemu ya hadithi ya Kasulo. Mtoto anatambaa sakafuni, anaweka mkono mdomoni.

Tangu hapo kisima hakijawa kisima tu. Nje ya mji, ambako bomba la Regideso, kampuni ya maji ya serikali, halifiki, kila mwenye parseli lazima achimbe. Akikuta maji, mtaa unabaki tulivu. Akikuta jiwe jeusi lenye uzito usio wa kawaida, majirani watajua kabla ya jioni. Sheria inaruhusu uchimbaji mdogo katika maeneo maalumu tu, tena na mwenye kadi. Lakini Kasulo haikuwa eneo maalumu pia, mpaka ilipokuwa.

Kila njia ya kutoka ina mgodi wake

Sasa tuangalie ramani kama anavyoiangalia mtu mwenye fedha kidogo mfukoni na familia nyuma yake.

Magharibi ndiko walikohamia wengi wenye ajira nzuri, kwa sababu Kamoa-Kakula, mgodi uliozalisha shaba yake ya kwanza Mei 2021, uko kilomita 25 hivi kutoka mjini. Anayejenga upande huo anapunguza safari. Anapunguza pia umbali kati yake na mmoja wa migodi mikubwa ya kizazi hiki.

Luilu na Kapata ni njia ya mkato ya maskini na ya wenye busara vilevile. Ni makazi ya zamani ya Gécamines: nyumba ndogo, imara, zimepangwa kwa mstari, na viwanja vyenye nafasi ya bustani. Lakini Luilu imekaa kando ya kiwanda cha KCC, kampuni ya Glencore, na Kapata inapakana na mgodi wa Sicomines, ile ya mkataba wa mwaka 2008 wa miundombinu kwa madini na China. Kimya cha mchana kipo. Cha saa ya baruti hakipo.

Mashariki ni barabara ya Likasi na Lubumbashi, njia ya karibu kila lori linalobeba shaba kwenda nje kupitia Zambia. Mgodi wa Mutoshi uko hapo, kisha wa Mutanda, kisha wa Kisanfu. Ukijenga kilomita mbili kutoka barabarani utalala vizuri, na asubuhi utaingia barabara ambayo Februari 2019 lori la tindikali liligongana na magari mengine na kuua karibu watu 20. Mtu anayeniambia kwamba kilomita 20 za barabara hiyo ni nusu saa hajawahi kukaa nyuma ya foleni ya mizani.

Kusini, upande wa uwanja wa ndege, mji unapanuka kwa kasi na viwanja vinakatwa vidogo. Nafasi inayouzwa leo kesho itakuwa imejaa.

Kaskazini ni Nzilo, ziwa lililozaliwa na bwawa la umeme la mwaka 1952. Wenye magari huenda huko Jumapili kula samaki. Ni pazuri, na hewa yake ni nyingine kabisa. Kwa baba wa zamu ya alfajiri, hata hivyo, ni mbali, na usafiri wa abiria ni pikipiki na gari la bahati. Halafu kuna kichekesho kichungu: umeme wa Nzilo, kama ule wa Nseke wa mwaka 1956, ulijengewa migodi. Nyaya zinapita juu ya paa na kuelekea kiwandani, na chini yake watu wananunua paneli za jua na betri.

Sijataja treni. Reli ipo, na dunia nzima inaizungumzia kama njia ya kutoa shaba hadi bandari ya Lobito, Angola. Hakuna aliyezungumza nami juu ya behewa la kupeleka watu kazini asubuhi.

Karatasi mbili, ardhi moja

Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi yote ya Kongo ni mali ya serikali. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Mkongomani anaweza kupewa haki ya kudumu; mgeni na kampuni hupewa ya muda. Kinachothibitisha haki hiyo ni cheti cha usajili kinachotolewa na msajili wa hati za ardhi, si kingine. Kikikaa miaka miwili bila kupingwa, hakishambuliki tena kortini isipokuwa kwa sababu chache.

Mnunuzi wa kawaida pembezoni mwa Kolwezi hana cheti hicho. Ana karatasi ya mauziano iliyotiwa saini na chifu wa kimila au mrithi wake, mashahidi wawili, na muhuri wa shefu wa mtaa. Waliomtangulia walijenga kwa karatasi hiyohiyo na bado wapo. Chifu naye ana hoja yake: ardhi hii ilikuwa ya ukoo wake kabla ya serikali, kabla ya Union Minière, na mgeni anayekuja bila kumsalimu hatakaa kwa amani. Hoja hiyo si ya kudharau. Ila kisheria baraka za chifu ni mwanzo wa safari. Baada yake kuna kupima, kuweka mawe ya mipaka, mkataba na serikali, kisha cheti. Kila hatua ina malipo, na wengi huishia ya kwanza.

Tuseme umefika mwisho na cheti unacho. Kuna karatasi ya pili ambayo hukuiona. Katika sheria ya madini, haki ya kilicho chini ya ardhi imetenganishwa na haki ya uso wake. Vibali vya madini vinatolewa na Kadastri ya Madini, CAMI, kwa miraba. Mraba mmoja ni karibu hekta 85. Kibali cha utafiti kinadumu miaka 5, cha uchimbaji miaka 25, na vyote vinaweza kuongezwa. Ofisi ya ardhi na CAMI ni nyumba mbili tofauti. Ya kwanza inaweza kukupa cheti cha kiwanja kilicho ndani ya mraba ambao ya pili imekwisha kumpa mwingine.

> Mraba mmoja wa kibali cha madini ni karibu hekta 85. Parseli yako inaweza kuwa ndani yake bila wewe kuambiwa.

Je, cheti basi hakina faida? Kina faida kubwa. Sheria ya madini inamzuia mwenye kibali kukalia ardhi iliyo ndani ya mita 180 kutoka nyumba bila ridhaa ya mwenyewe, na mwenye cheti anaingia kwenye mazungumzo ya fidia akiwa na miguu miwili. Mwenye karatasi ya chifu analipwa matofali na miti yake, mara nyingi kwa bei ya ukarimu wa mlipaji. Tofauti kati ya hao wawili inaweza kuwa tofauti ya nyumba nzima.

Wapo wanaosema hatari hii imetiwa chumvi, kwamba vibali vingi vya utafiti haviishii kuwa migodi. Ni kweli. Dunia nzima, watafutaji wa madini hutoboa mahali pengi na kuchimba pachache. Lakini takwimu za dunia hazimsaidii mtu wa Kolwezi, ambako kinachojulikana tayari ni kingi na bei ya metali ndiyo inayoamua lini kitafukuliwa. Mtaa uliolala miaka ishirini unaweza kuamshwa na soko la metali la London.

Anayepanga naye ana hadithi yake

Wasio na fedha za kujenga wanapanga, na hapa kuna mambo machache ya kusema bila kuzunguka. Kodi ya nyumba nzuri inatajwa kwa dola. Komisionere, yaani dalali, anaomba chake cha kukuonyesha, kisha chake cha kukufungulia. Garanti, amana ya mwanzo, ndiyo inayovunja mgongo: sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, na wenye nyumba wengi wanadai zaidi kama vile sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Kampuni inayompangia mhandisi wake mgeni inalipa bila kubishana, na bei hiyo ndiyo inayogeuka bei ya mtaa. Fundi wa Kikongo aliye pembeni ya mhandisi huyo kazini anasukumwa mbele zaidi, kilomita kwa kilomita.

Ukipanga nje ya mji usiamini kimya cha siku moja. Tembelea mara ya pili, na iwe siku ya kazi, saa ambazo migodi inalipua. Angalia nyufa juu ya milango. Waulize majirani maji ya kisima yana ladha gani Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Fedha zipo, ramani ipo

Serikali ya jimbo inasema inajenga barabara, na ukweli ni kwamba lami imeongezeka mjini tangu Kolwezi iwe makao makuu. Makampuni yanasema yanalipa kodi na ushuru, na hilo pia si uongo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta ambayo mgodi umo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5, na wa kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni asilimia 10. Dilala ni miongoni mwa komini zinazopokea fungu hilo. Komini chache za Kongo zina mapato ya namna hiyo.

Kwa hiyo swali la nyumba tulivu yenye nafasi si la familia na dalali pekee. Ni la komini pia: kupima viwanja mahali ambapo CAMI haijagawa, kupeleka bomba na nguzo kabla ya watu, kuweka usafiri wa abiria kwenye njia ambazo mabasi ya migodi yanazijua kwa moyo. Mashirika ya kiraia ya Kolwezi yamekuwa yakifuatilia matumizi ya fungu hilo kwa miaka, nayo yana maswali mengi kuliko majibu. Mimi ningeanza na jambo dogo ambalo halihitaji mkandarasi.

Ramani ya vibali vya CAMI inaonekana kwenye intaneti bila malipo. Anayeijua ni mwanasheria, mtafiti, na kampuni. Mama anayeuza vitenge haijui, na simu yake haina skrini ya kuionyesha vizuri hata angeijua. Ichapishwe kubwa, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya komini ya Dilala, karibu na meza ambapo karatasi za mauziano zinapigwa muhuri, na kila mtaa uandikwe jina lake kwa herufi zinazosomeka. Kabla muhuri haujagonga, muuzaji na mnunuzi wasimame pamoja mbele ya ramani na kuweka kidole mahali parseli ilipo. Kama kidole kinaangukia ndani ya mraba wa mtu, iandikwe kwenye karatasi ya mauziano, pamoja na namba ya kibali na mwaka kinapoisha, na bei ijadiliwe upya hapohapo.